Upanga wa Askofu

Tolvik, Saskatchewan
18 Novemba 1961

Bi. Harriet mpendwa,

Sijawahi kuandikia gazeti. Mke wangu Solveig ndiye aliyesoma ukurasa wako wa kuku kila wiki, na akimaliza aliukata kwa mkasi akaubandika nyuma ya mlango wa banda. Alifariki mwezi wa Mei. Ng'ombe niliwauza zamani, mashamba nimemkodisha jirani. Waliobaki ni kuku wake, na mimi kuku niliwajua kwenye sahani tu.

Shida yangu ni jogoo. Solveig alimwita Askofu kwa sababu ya mwendo wake. Ana upanga mkubwa wa nyama nyekundu kichwani, umeangukia upande mmoja kama kofia, na ndevu ndefu za nyama zinazochovya maji kila anapokunywa. Baridi ilipoanza kukaza wiki iliyopita, ncha za upanga ziligeuka kijivu. Jirani yangu Paraska Hnatiuk anasema zitakuwa nyeusi kisha zitadondoka, na ameniambia nimchinje sasa hivi, kabla hajaanza kutia huruma.

Nimeziba kila tundu la banda kwa magunia. Upepo hauingii hata kidogo. Lakini asubuhi nakuta kuta zinatoka jasho, na vichwa vya misumari vimevaa barafu. Miaka yote kuku hawa walitoka kwenye baridi wakiwa wazima, na sijui mke wangu aliwafanyia nini. Tuliishi nyumba moja tangu ujana na sikuwahi kumwuliza.

Nifanyeje?

Ivar Tollefsrud


Regina
27 Novemba 1961

Bwana Tollefsrud,

Pole sana kwa msiba. Barua yako sitaitoa gazetini, nakujibu wewe mwenyewe kwa sababu ukurasa wetu unachukua muda kutoka na Askofu hana muda.

Leo hii toa magunia ya juu. Baridi kavu kuku wako anaiweza. Kinachomwunguza ni unyevu. Usiku kucha wanapumua, mavi nayo yanatoa mvuke, na mvuke huo ukikosa pa kutokea unatua kwenye nyama iliyo wazi na kugandia hapo hapo. Fungua dirisha la juu, karibu na paa, upande usiopigwa na upepo, upana wa kiganja. Chini wanapolala paendelee kuzibwa. Tandaza majani makavu ya ngano, mengi, na yakiloa yatoe. Mahali pa kulala pawe ubao mpana wala si fito nyembamba, ili kuku akikaa vidole vyake vifunikwe na manyoya ya kifua. Maji yatoe jioni, asubuhi uwarudishie ya uvuguvugu.

Askofu mpake mafuta ya mgando kwenye upanga na ndevu kila baridi inapozidi. Zile ncha za kijivu usizisugue wala usizikate.

Mimi na bwana wangu tuna kuku wengi kuliko akili, na ndivyo tunavyofanya kila mwaka. Usimchinje mtumishi wa Mungu kwa maneno ya jirani.

Bi. Harriet
Ukurasa wa Kuku


Tolvik
8 Desemba 1961

Bi. Harriet,

Nimefungua dirisha. Paraska aliliona kutoka barabarani akaja mpaka mlangoni na shoka lake mkononi, alikuwa akipasua kuni.

"Ivar," akaniambia, "mkeo alikufa kwa ugonjwa. Hawa kuku unataka wafe kwa nini? Nani anafungua dirisha mwezi wa Desemba?"

"Bi. Harriet wa gazetini," nikamwambia.

"Bi. Harriet anakaa mjini karibu na bomba la kupasha nyumba joto," akasema. Nikamwambia hapana, wewe una shamba na bwana na kuku wengi. Akaondoka. Lakini juzi alirudi akashika ukuta kwa ndani, ukuta mkavu kabisa, akakaa kimya, na kwa Paraska kukaa kimya ni kama kuomba radhi. Ubao mpana nimeupiga. Wanaupenda. Askofu amejiwekea nafasi ya katikati.

Nina swali jingine. Je, kuku huhitaji kusemeshwa? Solveig alikuwa akienda bandani na ndoo, na mimi nikiwa uani nilisikia sauti yake ikiendelea mfululizo. Ndani ya nyumba hakuwa msemaji. Wala mimi. Tulikaa mezani tukasikiliza saa. Kumbe maneno yote alikuwa akiyapeleka kule. Sasa nikiingia wote wananigeukia na kunyamaza, kama watu waliongoja habari, nami sina. Juzi nikawasomea barua yako. Walisikiliza vizuri mpaka kwenye mavi.

Bwana wako naye huwasemesha?

Ivar Tollefsrud


Regina
18 Desemba 1961

Bwana Tollefsrud,

Nimecheka peke yangu ofisini hadi mpiga chapa akaja kuuliza kuna nini.

Kuku hajali unasema nini. Anajua sauti na hatua za miguu. Wasomee utabiri wa hali ya hewa, au wasomee kasoro za Paraska. Bwana wangu huwapigia mluzi, na hajui mluzi, lakini wanamfuata.

Sasa sikiliza, maana hili ni la haraka. Redio inasema baada ya Krismasi kutashuka baridi ambayo hatujaiona kwa miaka, nyuzi arobaini chini ya sifuri na upepo juu yake. Siku hizo usiishie kwa Askofu. Wapake wote, usimwache hata mmoja, majike nao wana upanga japo mdogo. Ngoja jioni wakishatulia kwenye ubao, hapo hawasumbui. Glavu hazifai kwa kazi hii, zinateleza na kuwatisha. Tumia vidole. Nenda polepole mpaka kwenye shina la upanga, kila upande, kisha ndevu, mafuta yawe mazito. Nilipokuwa msichana nilijua usiku umekuwa wa baridi kwa kuona jinsi mikono ya mama ilivyong'aa mafuta.

Sikukuu njema. Najua ya kwanza baada ya msiba haiwi njema, lakini sina neno lingine la kuweka hapo.

Bi. Harriet


Tolvik
14 Januari 1962

Bi. Harriet,

Mwandiko huu usikushangaze. Miwani yangu imevunjika, na Paraska amekubali kuniandikia.

Baridi ilikuja kama ulivyosema. Imepita sasa. Kuku wote niliwapaka, na hakuna hata mmoja aliyeguswa na barafu. Upanga wa Askofu ni mwekundu mpaka kwenye ncha, na zile sehemu za kijivu zimepona. Nilitaka ujue hivyo. Ulisema kweli tupu.

Mimi ni mzima.

Swali langu ni kama mafuta yakishuka kwenye manyoya ya shingo yana madhara.

Ivar Tollefsrud


Regina
22 Januari 1962

Bwana Tollefsrud,

Umenifurahisha kuliko unavyodhani. Tumepokea barua nyingi za kusikitisha wiki hizi, watu wamepoteza mabanda mazima, na yako ni ya kwanza yenye habari njema. Mafuta ya shingoni hayana madhara, watajichambua wenyewe.

Naomba ruhusa nitoe barua yako kwenye ukurasa, pamoja na jina lako, ili wengine waone kuwa njia hii inafaa. Mhariri ameshakubali. Nitaitoa mwanzoni mwa Februari usiponiambia vinginevyo.

Na hiyo miwani itengenezwe upesi. Mwandiko wa Paraska unanitisha, umekandamizwa mpaka karatasi imetoboka.

Bi. Harriet


Tolvik
29 Januari 1962

Bi. Harriet,

Usitoe hiyo barua. Anayekuandikia ni Paraska Hnatiuk, na mwenye barua hajui kama naandika. Karatasi itatoboka tena, utanisamehe.

Ivar hana miwani. Hajawahi kuwa na miwani. Anaona mbweha kutoka upande wa pili wa ziwa.

Siku ile ya baridi alingoja jioni wakalala, kama ulivyomwagiza. Akavua glavu, kama ulivyomwagiza. Mafuta yalikuwa yameganda kwenye kopo kama mshumaa, akawa anayachimba kwa kucha na kuyayeyusha kwa viganja, halafu anampaka mmoja, anarudi kwenye kopo. Wote, mama. Ulisema asimwache hata mmoja, na Ivar akiambiwa na mtu aliyesoma, hata kama ni mambo ya kuku, anafuata neno kwa neno. Alipomaliza mlango ulikuwa umejifunga. Kwa ndani komeo linavutwa kwa waya mwembamba. Vidole havikuweza kushika waya. Aliniambia aliviona viko kwenye waya, lakini hakusikia kitu, akavitazama kama vya mtu mwingine.

Asubuhi niliona bomba la jiko lake halitoi moshi. Nilimkuta amekaa kwenye majani, koti limefungwa mpaka kidevuni, kuku wamemzunguka na wengine wako mapajani. Jogoo alinirukia usoni nilipofungua. Ivar mwenyewe alikuwa mzima, mzee wangu, isipokuwa mikono. Ule wa kushoto umepona. Wa kulia daktari aliungoja wiki hizi zote akitumaini, na juzi amekata vidole vitatu na nusu ya cha nne. Kimebaki kidole gumba.

Alinilazimisha niandike habari ya miwani. "Atajilaumu," akasema. "Bibi wa watu, ana kazi zake, ana mume, atajilaumu bure."

Nami nakulaumu kidogo, nisikufiche. Lakini zaidi nataka kuuliza, na hili ni swali langu, si lake. Huko kwenu, wewe na bwana wako na kuku wenu wengi kuliko akili, kila mwaka mnapaka vipi bila mikono kuganda?

Paraska Hnatiuk


Regina
5 Februari 1962

Bwana Ivar,

Paraska ameniandikia. Usimkasirikie.

Jina langu ni Verna Castell. Hakuna Bi. Harriet. Harriet ni jina la gazeti. Kabla yangu mtu mwingine aliandika kwa jina hilo, na kabla yake mwingine. Shamba lake na bwana wake asiyejua mluzi nilivikuta vimeshaanzishwa, nami nikawa naongeza. Sina bwana. Ninapanga chumba juu ya duka la fundi viatu, na kuku wa mwisho kumshika mkononi nilimshika kabla ya vita, wakati baba alipouza shamba letu na kila kilichokuwa juu yake. Tangu hapo nimeandika kuhusu kuku kwa kukumbuka na kwa kusoma vijitabu.

Paraska aliuliza swali moja, na limenikalisha kitandani na koti langu mwilini sijui kwa muda gani. Tulipaka vipi bila mikono kuganda? Nikafunga macho nikamtafuta mama. Nikaiona mikono yake inang'aa, kama nilivyokuandikia. Kisha nikaona anachokalia. Ni kiti cha jikoni. Jogoo yuko mapajani pake amefunikwa aproni, kopo la mafuta liko ukingoni mwa jiko linayeyuka, na mimi nimesimama mlangoni nangoja zamu ya kumpelekea kuku mwingine chini ya koti langu. Alikuwa akiwaleta ndani, Bwana Ivar. Mmoja mmoja. Nilikumbuka mikono, nikasahau jiko.

Mtu anayefanya kazi hiyo kila siku asingesahau. Wewe uliniamini kwa sababu ulidhani natoka bandani kuja kukuandikia.

Sikuombi unisamehe, maana najua utasema ndiyo ili nilale vizuri. Nimemweleza mhariri kila kitu. Amesema mambo kama haya hutokea. Nimemwambia amtafutie Harriet mkono mwingine, na nilipoyasikia maneno yangu mwenyewe ilinibidi nitoke nje.

Ningependa kuja kukuona. Sijui kama nina haki hiyo.

Verna Castell


Tolvik
26 Februari 1962

Bi. Verna,

Huu ni mkono wa kushoto. Sentensi zitakuwa fupi.

Nilikasirika. Siku mbili hivi. Si kwa ajili ya vidole. Nilikuwa nimemzoea yule bwana wa mluzi.

Halafu nikasoma tena habari ya jikoni. Solveig naye alimleta Askofu jikoni. Nimekumbuka. Kila baridi kali. Alikaa naye karibu na jiko, amemlaza mapajani, anampapasa kichwa. Mimi nilikuwa mezani hapo hapo. Nililalamika manyoya yanaingia kwenye kahawa. Nilidhani anambembeleza tu. Nilifikiri, mwanamke huyu anambembeleza jogoo, mimi hajanigusa tangu mavuno. Niliona wivu wa jogoo. Kumbe alikuwa anampaka mafuta, na ningetazama vizuri ningeona kopo.

Kwa hiyo na mimi nilikuwa nimeyaona. Usibebe peke yako.

Ule usiku bandani niliwasemesha kuku. Paraska hakukuambia kwa sababu sikumwambia. Niliogopa kulala. Niliwaeleza habari za Solveig tangu nilipomwona kwenye ngoma ya mavuno, na viatu vyake vya kuazima. Niliendelea mpaka kukapambazuka. Sikujua kama nina maneno mengi hivyo. Ningalimpa yeye mwenyewe alipokuwa hai.

Usije sasa. Barabara imefungwa na theluji, na nyumba imekuwa chafu kwa mtu wa mkono mmoja. Nitakuambia.

Ivar


Regina
9 Machi 1962

Bwana Ivar,

Nimesoma barua yako nimesimama ngazini, kwa sababu fundi viatu ndiye anayepokea barua zetu na nisingeweza kufika juu kabla ya kuifungua.

Harriet ana mwandishi mpya. Ni kijana wa chuo, mpole, aliniuliza kama kuku wana meno. Nimemwachia karatasi moja ukutani, juu ya meza yake, imeandikwa: KWANZA WALETE JIKONI. Mimi nimehamishiwa kwenye matangazo madogo. Watu wanauza matrekta na pete za ndoa.

Jioni nikirudi chumbani husikia nyundo ya fundi chini ya sakafu, kisha anafunga duka, na baada ya hapo sisikii kitu. Zamani wakati huo ndio nilikuwa nakuandikia. Nakuambia hili si ili unihurumie. Nakuambia kwa sababu Harriet asingeweza kulisema, alikuwa na mume.

Mkono unaendeleaje? Kuku wanaendeleaje? Nani anawabebea maji?

Verna


Tolvik
30 Machi 1962

Bi. Verna,

Mkono umefunga kidonda. Unauma hali ya hewa ikibadilika, na vinavyouma ni vile vidole visivyokuwepo.

Kuku nimempa Paraska. Nilijaribu. Ndoo naweza kuibeba, lakini kumkamata kuku kwa kushoto siwezi, na mmoja aliumwa mguu nikashindwa kumshika nimtazame. Nikaona wataumia kwa ajili ya ukaidi wangu. Paraska alikuja na kreti na mtelezo wa kuvutwa na farasi juu ya theluji. Aliwabeba wote bila kusema neno la dhihaka, hapo nikajua ananionea huruma kweli. Askofu aliondoka amesimama juu ya kreti, upanga umelala upande wake uleule, hakugeuka nyuma. Amefungua dirisha la juu kwenye banda lake, Paraska. Nimeliona kutoka barabarani.

Kwa hiyo sina kuku tena, na sina swali. Nimekaa mezani tangu asubuhi nikitafuta swali, maana sijawahi kukuandikia bila swali na nimeona haya. Nilifikiri kuuliza habari za bata. Sina bata.

Basi nitakueleza tu. Leo theluji imepungua, waya wa juu wa uzio unaonekana. Kunguru wamerudi, wanagombana juu ya ghala. Nilikoroga unga wa chapati za viazi kwa mkono wa kushoto, zikatoka nene, nikazila zote. Baada ya hapo nilikwenda bandani kwa mazoea, nikasimama mlangoni. Kumekauka vizuri mle ndani. Nikarudi. Nimepasua kuni chache, vibaya. Mchana nilisikia sauti uani nikatoka haraka, ilikuwa barafu inaanguka kutoka kwenye paa. Sasa naandika, na jua bado lipo, siku zimeanza kurefuka.

Hiyo ndiyo siku yangu. Na wewe, ya kwako ilikuwaje?

Ivar